Kubadilisha wayaringi ya nyumba nzima: mwongozo kamili kuanzia ethi hadi kipimo cha mwisho

Kosa baya kuliko yote katika kazi hii huanza kwa nia njema. Breka inaruka kila pasi na birika vikiwashwa pamoja, basi mwenye nyumba anaomba iwekwe kubwa zaidi. Ya ampea 16 inatolewa, ya 32 inaingia, na kero inakwisha. Lakini breka haikuwekwa pale kulinda pasi wala birika. Iliwekwa kulinda waya uliofichwa ukutani. Waya wa 1.5 mm² ukiwa nyuma ya breka ya ampea 32 unaweza kupata joto mpaka ganda lake lilainike, na breka isione sababu ya kuruka. Hapo waya wenyewe umegeuka fyuzi, tena fyuzi iliyozikwa kwenye plasta.

Ndiyo maana kununua kisanduku kipya chenye breka zinazong'aa na kukifunga juu ya nyaya za zamani si kuboresha umeme wa nyumba. Mpangilio unaofaa ni huu: ukaguzi, hesabu ya mzigo, ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini), njia na nyaya, kisanduku, kisha vipimo. Takwimu zilizomo humu ni za umeme wa fezi moja wa volti 230. Penye mfumo wa volti 120 kanuni hazibadiliki, ila unene wa waya na ukubwa wa breka hupangwa upya.

Jambo moja la kisheria kabla ya kushika bisibisi: karibu kila mahali, kuunganisha kisanduku kipya na kuthibitisha usalama wa wayaringi ni kazi ya fundi mwenye leseni, na lakiri ya mita ni mali ya kampuni inayoleta umeme. Mwenye nyumba anaweza kukagua, kuorodhesha mizigo, kuchora ramani, kuchimba mifereji, kupanga paipu na boksi. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, fundi anabaki na maungio na vipimo, na wewe unajua unachomlipia.

Kagua kwanza, nunua baadaye

Zunguka chumba kwa chumba na daftari. Unatafuta soketi yenye doa la kahawia au yenye joto, harufu ya plastiki iliyoungua, taa zinazofifia friji inapoanza kuunguruma, ganda la waya linalomeguka ukilikunja, na fyuzi iliyotengenezwa kwa kipande cha waya wowote uliopatikana. Angalia pia soketi za matundu matatu ambazo nyuma yake hakuna waya wa ethi. Hizi ni mbaya kuliko zinavyoonekana, kwa sababu zinaahidi kinga isiyokuwepo.

Kipimo kinachoamua kama utabadilisha sehemu au nyumba nzima ni cha uimara wa ganda, kinachofanywa na fundi kwa mita maalumu inayosukuma volti 500 za mkondo mnyoofu. Multimita ya kawaida haiwezi kazi hii, kwani betri yake ni dhaifu mno kuonyesha ganda lililochoka. Nyaya za shaba zenye ganda la PVC, zenye ethi, zikisoma megaomu nyingi, zinaweza kubaki kwenye taa, na fedha ikaenda kwenye saketi mpya za jiko, hita na soketi. Nyaya za ganda la mpira au kitambaa, au zisizo na ethi kabisa, toa zote. Nyaya za alumini zinahitaji uangalifu wa pekee: huota kutu isiyopitisha umeme na hulegea kwenye skrubu, kwa hiyo usizibane pamoja na shaba kwenye tundu moja bila kiunganishi kilichotengenezwa kwa ajili hiyo.

Kuzima si kubonyeza swichi tu

1. Zima swichi kuu, kisha ifunge kwa kufuli au toa fyuzi na ukae nayo mfukoni. Bandika karatasi inayosema kuna mtu kazini.
2. Zima pia jenereta, sola na betri zenye inveta. Hivi hurudisha umeme ndani kwa mlango wa nyuma hata kama mita haina moto.
3. Pima kifaa chako cha kupimia kwenye chanzo unachojua kina umeme. Pima saketi unayotaka kuifanyia kazi: moto (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha), moto na ethi, nyutro na ethi. Kisha rudi upime tena kile chanzo cha kwanza. Kifaa kikifa katikati, hatua hii ya mwisho ndiyo itakayokuambia.

Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo isitumike kuamua kwamba waya umekufa. Inategemea umeme upite mwilini mwako. Ukiwa umesimama juu ya ngazi ya mbao na viatu vikavu, au juani, inaweza isionyeshe kitu ilhali waya una moto. Tumia kifaa chenye ncha mbili.

Na usisahau: nyaya mbili nene zinazotoka kwenye mita hadi swichi kuu hubaki na moto hata swichi ikiwa imezimwa. Kisanduku kinabadilishwa pale tu kampuni ya umeme au mtu aliyeruhusiwa amekata upande huo.

Hesabu ya mzigo, na waya unaoufaa

Ampea ni wati kugawanya kwa volti. Birika la wati 2,200 linavuta ampea 9.6, pasi ya wati 2,000 inavuta 8.7, jumla ni 18.3. Breka ya ampea 16 haitaruka papo hapo kwa mzigo huo, kwani breka za kawaida zimeundwa kuvumilia ziada ndogo kwa muda. Itaruka baada ya dakika nyingi, au isiruke kabisa siku ya baridi, na mwenye nyumba ataona kama ina wazimu. Dawa yake ni saketi ya pili.

Kwa nyaya za shaba zenye ganda la PVC, zikiwa ndani ya paipu ukutani, anzia hapa:

- Taa: 1.5 mm², breka ya ampea 6 au 10. Gawa angalau saketi mbili, ili moja ikikatika nyumba isiwe giza yote.
- Soketi za kawaida: 2.5 mm², breka ya ampea 16. Ya 20 ni pale tu njia ya waya haina joto na haina msongamano.
- Hita ya maji yenye tangi, wati 3,000: ampea 13, 2.5 mm², breka ya 16.
- Hita ya kuogea ya papo hapo, wati 5,500: ampea 24, 4 mm², breka ya 25. Ikiwa ya wati 8,500, ni ampea 37: 10 mm², breka ya 40.
- Jiko la umeme la wati 7,000: ampea 30.4, 6 mm², breka ya 32.
- Pampu na kiyoyozi: kila kimoja saketi yake, 2.5 mm², breka ya 16 ya aina C, inayovumilia mkondo wa ghafla kuliko aina B ya kawaida, kwa kuwa mota huvuta mkondo mkubwa sekunde ya kwanza na aina B inaweza kuruka bila kosa.

Orodha hiyo ni ya kuanzia tu, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Waya wa 2.5 mm² kwenye paipu ukutani unabeba karibu ampea 24 kwenye joto la nyuzi 30. Paipu ikipita darini chini ya bati ambapo joto linafika nyuzi 40, zidisha kwa 0.87: zimebaki 20.9. Ukibana saketi tatu zenye mzigo ndani ya paipu hiyohiyo, zidisha tena kwa 0.70: zimebaki 14.6. Breka ya ampea 16 sasa ni kubwa kuliko waya, ingawa hakuna aliyebadilisha chochote isipokuwa njia. Ukiona hivyo, tenganisha paipu au panda hadi 4 mm².

Urefu nao una gharama yake. Waya wa 2.5 mm² hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita ya safari. Ampea 16 kwa mita 20 ni volti 5.8, haina tatizo. Kwa mita 40 ni volti 11.5, yaani asilimia 5, ambayo kwa kawaida ndiyo mwisho unaokubalika kwa soketi. Kwa taa mwisho ni asilimia 3. Banda la nje, geti au pampu ya kisima vikiwa mbali, hesabu hii ndiyo itakayochagua waya, wala si breka.

Manunuzi: pima njia halisi kwa futi ya kamba, ikipanda, ikivuka, ikishuka. Ongeza sentimita 20 kwenye kila boksi na mita moja kwenye kisanduku. Njia ya mita 28 yenye moto, nyutro na ethi ni mita 84 za waya. Ongeza asilimia 10 hadi 15. Kuhusu bei, waya wa bei rahisi kupita kiasi mara nyingi una shaba pungufu, au ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, urudishe dukani.

Ethi

Chimbia fimbo ya chuma iliyovikwa shaba, yenye urefu usiopungua mita 1.2, mahali penye unyevu na karibu na kisanduku. Waya unaotoka kwenye fimbo hadi baa ya ethi uwe na ganda la kijani na njano. 16 mm² ya shaba inafaa nyumba nyingi. Kiungo chake kiwe ndani ya shimo dogo lenye mfuniko, kionekane na kipimike. Ukinzani ukiwa mkubwa, ongeza fimbo ya pili, umbali kati yao usipungue urefu wa fimbo moja. Kumwaga chumvi kunapunguza ukinzani kwa muda, kisha mvua inaiosha na kutu inabaki. Si njia ya kutegemea.

Kuna dhana moja inayoua. Watu huamini kwamba nyumba ikiwa na fimbo ya ethi, breka itaruka waya wa moto ukigusa mwili wa friji. Fanya hesabu. Fimbo yenye ukinzani wa omu 50 inaruhusu 230 kugawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya 16 haitikisiki. Friji inaendelea kuwa na moto kwenye mlango wake, na ethi ipo. Palipo na fimbo pekee bila ethi inayoletwa na kampuni ya umeme, kinachookoa maisha ni kifaa cha RCD, ambacho hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi na kukata tofauti ikifika miliampea 30. Ethi na RCD ni pacha, na hakuna inayofanya kazi vizuri bila mwenzake.

Mabomba ya chuma ya maji na gesi yanayoingia nyumbani yaunganishwe kwenye baa ya ethi kwa waya wa 10 mm². Nyutro na ethi zisikutane popote baada ya swichi kuu. Anayeziunganisha nyuma ya soketi ili "kupata ethi" ameandaa mtego: nyutro ikikatika, kila kifaa cha chuma kwenye saketi hiyo kitapata moto.

Mifereji, paipu na boksi

Nyaya ziende wima au mlalo kutoka kwenye soketi au swichi, kamwe si kimshazari, ili anayetoboa ukuta miaka kumi baadaye akisie zilipo. Mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Usichimbe mifereji miwili mgongo kwa mgongo pande mbili za ukuta mmoja.

Paipu ya mm 20 inatosha saketi moja au mbili za soketi. Usijaze zaidi ya karibu asilimia 40 ya nafasi yake. Tumia kona za kupinda, si za ghafla, na weka boksi la kuvutia baada ya kona mbili. Boksi za soketi ziwe na kina cha mm 35 au zaidi. Boksi fupi hubana nyaya hadi ganda likachubuka skrubu ikikazwa, na kosa hilo hutokea baada ya rangi kupakwa. Bafuni, soketi zikae mbali na maji: baadhi ya kanuni zinataka angalau mita 2.5 kutoka sehemu ya kuogea, na swichi ya hita iwe nje ya mlango au ya kuvuta kwa kamba.

Kabla ya plasta, weka futi ya kupimia dhidi ya ukuta na upige picha kila upande. Picha hizo ndizo ramani halisi.

Kuvuta na kuunganisha

Shika rangi moja nyumba nzima. Katika mfumo wa kimataifa, kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Nyumba za zamani nyingi zina nyekundu, nyeusi na kijani. Zinapokutana, weka lebo kwenye kisanduku. Nyeusi ni hatari hapa, kwa kuwa kwa zamani ni nyutro na kwa sasa ni mojawapo ya fezi.

Chubua ganda kwa kiasi kile tu kinachozama kwenye tundu, mara nyingi karibu mm 10. Ukichubua kupita kiasi shaba inabaki wazi. Ukichubua kidogo skrubu inauma ganda badala ya shaba, na kiungo kinaonekana kimekaza ilhali kinawaka polepole. Waya wa nyuzi nyingi uvalishwe kikofia cha chuma cha kubania kabla ya kuingia. Kaza, kisha uvute kwa mkono. Viungo vilivyosokotwa na kufungwa tepu havikubaliki, popote. Kila kiungo kiwe ndani ya boksi linalofikika, kwa kiunganishi cha skrubu au cha kubofya.

Swichi ikate moto, kamwe si nyutro. Taa ya skrubu ipate moto kwenye ncha ya katikati, si kwenye nyuzi za pembeni ambazo kidole hugusa wakati wa kubadilisha balbu.

Kisanduku

Kiwe mahali pakavu, panapofikika bila ngazi, si juu ya jiko wala bafuni. Chukua ukubwa unaozidi mahitaji kwa robo. Nyumba ya saketi 10 inahitaji nafasi 10 za breka, 2 za swichi kuu na 4 za RCD mbili: tayari ni 16, kwa hiyo kisanduku cha nafasi 20 si anasa.

Gawa saketi kwenye RCD mbili au zaidi, taa na soketi za chumba kimoja zisikae kwenye RCD moja. Chagua aina A, inayosikia pia mkondo uliokatwakatwa na vifaa vya kielektroniki. Aina AC inaweza isiuone. Nyutro ya kila saketi lazima iishie kwenye baa ya nyutro ya RCD yake. RCD mpya inayoruka kila taa ya chumba fulani ikiwashwa, mara tisa kati ya kumi nyutro imekaa kwenye baa ya jirani, au fundi wa zamani aliazima nyutro ya saketi nyingine.

Ukiongeza kizuia mawimbi ya radi, nyaya zake zote kwa pamoja zisizidi nusu mita. Zikiwa ndefu, kinga inapotea njiani. Kaza skrubu kwa kiwango cha Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kilichochapishwa na mtengenezaji, kwa bisibisi yenye kipimo.

Vipimo, kwa mpangilio huu

Bila umeme:

1. Mwendelezo wa ethi. Unganisha moto na ethi kwenye kisanduku, pima kwenye soketi ya mwisho. Mita 20 za moto wa 2.5 mm² na ethi ya 1.5 mm² zinapaswa kusoma karibu omu 0.39. Omu 2 maana yake kuna kiungo kilicholegea.
2. Uimara wa ganda kwa volti 500. Kwanza chomoa balbu za LED, dima na vifaa vyote, la sivyo utaviua. Chini ya megaomu 1 ni kufeli. Wayaringi mpya ikisoma chini ya 100 tafuta msumari uliopitiliza au boksi lenye maji.
3. Mpangilio wa moto na nyutro kwenye kila soketi na taa.

Penye umeme:

4. Ukinzani wa mzunguko wa kosa, yaani wa njia nzima ambayo mkondo hupita waya wa moto ukigusa ethi. Kwenye ethi ya kampuni ya umeme, breka ya B16 (aina B ya ampea 16) inataka usizidi takriban omu 2.7, na C16 nusu yake. Ndiyo sababu aina C haiwekwi kila mahali.
5. RCD: ikate ndani ya milisekunde 300 kwa miliampea 30, na ndani ya 40 kwa miliampea 150. Kitufe cha kujaribia hupima mashine ya ndani tu, hakisemi lolote kuhusu ethi yako.

Washa saketi moja moja, bila vifaa, kisha vifaa kimoja kimoja. Breka ikiruka papo hapo ni shoti. Ikiruka baada ya dakika kadhaa ni mzigo. RCD ikiruka ni uvujaji, na kwa kawaida chanzo ni hita ya maji, jiko au taa ya nje iliyoingia mvua.

Andika kila saketi kwenye mlango wa kisanduku kwa jina la chumba na kifaa, si namba tupu, na hifadhi karatasi ya vipimo ndani yake. Bonyeza kitufe cha RCD kila baada ya miezi michache, muda ulioandikwa juu yake. Baada ya mwezi mmoja wa matumizi, siku ambayo jiko na hita vimefanya kazi kwa saa nzima, fundi afungue kisanduku, akague joto la viungo kwa kipimajoto cha infraredi, azime, kisha arudie kukagua ukazaji wa skrubu za nyaya nene.